"Haikuwa riziki yangu": Nani amekuambia?



Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, alinifuata kijana mmoja niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu alipokuwa kidato cha tatu. Sasa ni mtu mzima mwenye shahada ya uhasibu, na ni mwaka wa nne huu tangu avae joho la mahafali. Akanionesha simu yake. Ilikuwa barua pepe ya mistari miwili: kampuni inamshukuru kwa kuomba kazi, lakini nafasi imepata mtu mwingine. Hiyo ilikuwa ya saba. Safari hii alikuwa amefika hadi usaili wa mwisho, wamebaki watu watatu tu.

"Ustadh," akaniambia, "mimi nimekubali. Haikuwa riziki yangu. Nimeshaifuta na namba zao."

Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Mzee mmoja alipolisikia jambo lile akamwambia asubiri, kwani Allah (SW) yu pamoja na wanaosubiri. Mwingine akadakia kuwa hakuna cha kusubiri hapo, siku hizi watu wanabebana, bila mjomba hupati kitu. Kijana akatikisa kichwa kuwakubalia wote wawili. Nami nikanyamaza, maana sikuwa na jibu la haraka, lakini jambo moja lilinikaa kooni hadi nyumbani. Wazee wale walikuwa wametoa hukumu mbili zinazopingana, na hakuna kati yao, wala kijana mwenyewe, aliyejua kwa nini alikataliwa. Hakuuliza.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo. Mtu akinyimwa kazi, je, anapaswa kuchukulia kuwa mazungumzo yamekwisha? Je, kumrudia aliyekukataa ni kujidhalilisha, au kuna heshima ndani yake? Na yule anayekataa, naye anadaiwa nini?

Kwanza tuutazame ukubwa wenyewe wa jambo. Mwezi Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wengi wetu tunazikumbuka picha zile. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi laki moja. Hebu tupige hesabu ya ule wa 2014 peke yake: katika kila watu 140 na ushei, anachukuliwa mmoja. Je, wale 139 waliobaki wote ni wajinga? Wote hawana bahati? Wote wamerogwa? Haiwezekani. Katika hesabu ya namna hiyo kukataliwa ndiyo kawaida, na kukubaliwa ndilo jambo la kushangaza. Kwa hiyo anayesoma barua ya kukataliwa kana kwamba ni hukumu juu ya utu wake anaisoma barua ambayo haikuandikwa.

Sasa tuje kwenye hilo neno riziki. Hakuna Muislamu anayebisha kuwa riziki imekadiriwa. Lakini kadari tunaijua baada ya jambo kutokea, si kabla. Kijana yule akisema kiti kile, katika kampuni ile, siku ile, hakikuwa riziki yake, amesema kweli, kwa sababu jambo limeshapita na mtu mwingine amekikalia. Ila yeye hakuishia hapo. Alifuta namba. Kufuta namba ni kusema kuwa hata mwaka kesho, hata kiti kingine, hata kwa kupitia mtu aliyekutana naye katika usaili ule, hakuna kitu. Hiyo si imani juu ya kadari tena. Ni madai ya kuijua ghaibu. Nani amemwambia?

Kinachonisikitisha ni kuwa tunalifanya neno zuri la dini kuwa kifuniko cha uchungu. Ukweli ni kwamba kijana ameumia na anaona haya, na hataki kuumia tena. Hilo ni la kibinadamu, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale haya inapovishwa kanzu ikaitwa tawakkul. Sote tunaijua habari ya bedui na ngamia wake, aliyeelekezwa na Mtume (SAW) amfunge kwanza kisha ategemee. Tunaisimulia sana kwenye mihadhara. Lakini ngamia aliyekwishaponyoka je? Aliyeponyokwa anatoka kwenda kumtafuta, na anawauliza watu njiani.

Katika mas'ala haya hakuna kisa kinachonifundisha zaidi ya kisa cha Nabii Yusuf (AS), na nadhani tunakisoma haraka mno. Tunakimbilia mwisho, pale alipokuwa mkubwa juu ya hazina za Misri, tukaruka miaka ya gerezani. Yusuf (AS) alipowafasiria ndoto wafungwa wawili, alimuomba yule aliyejua kuwa ataokoka amtaje kwa bwana wake. Kwa lugha ya leo, aliomba mdhamini. Yule mtu akatoka, akarudi kazini kwake, akasahau. Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Wapo wafasiri waliosema kuwa alicheleweshwa kwa sababu alimtegemea mwanaadamu, na wapo waliolikataa hilo wakasema kutumia sababu hakumtoi mtu katika kumtegemea Mola wake. Mimi, kwa elimu yangu ndogo, nimeelemea kwa hawa wa pili. Ombi lile halikupotea. Lilichelewa. Mfalme alipoota, na wakubwa wake wakashindwa kuifasiri ndoto, ni yule yule msahaulifu aliyekumbuka kuwa kuna mtu gerezani.

Na hapa ndipo pananishangaza kila ninapofundisha kisa hiki darasani. Msahaulifu anarudi gerezani akiwa na shida yake. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje? Mimi ningeanza na lawama: leo ndiyo umenikumbuka? Yusuf (AS) hakumlaumu. Alimpa jibu la ndoto, tena akaongeza kitu ambacho hakuulizwa, yaani mpango wa kulima na kuihifadhi nafaka kwenye mashuke yake. Aliulizwa tafsiri, akatoa tafsiri na kazi juu yake. Hata alipoitwa na mfalme hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza kesi ya wale wanawake ichunguzwe ili isafike heshima yake. Baada ya hapo ndipo alipoiomba kazi kwa mdomo wake, akazitaja sifa zake mbili, uhifadhi na ujuzi.

Hapo pana mambo matatu kwa mtu mmoja: hakumchukia aliyemsahau, hakuiacha haki yake, na hakuona haya kuomba. Sisi tunadhani mambo hayo hayakai pamoja. Anayesamehe tunamtaka anyamaze, na anayedai haki tunamtaka agombane.

Niruhusu, ndugu msomaji, nitoe habari yangu mwenyewe, si kwa sababu ni kubwa, bali kwa sababu ninaijua. Nilipomaliza chuo nikiwa na shahada ya masomo ya Kiislamu niliomba kazi katika shule moja ya sekondari ya binafsi. Nilijiona nimeiva. Katika usaili waliniambia nifundishe kipindi cha dakika 20 mbele yao. Nikatoa mawaidha! Nilipandisha sauti, nikashusha, nikasimulia, hata mmoja wao akafuta machozi. Kazi wakampa mwingine.

Wiki nzima nilisema kuwa wameninyima kwa chuki. Kisha mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, akaniuliza swali moja: "Umewauliza?" Nikaona aibu. Nikaenda. Mkuu wa shule hakuwapo, nikapokewa na mwalimu wa taaluma aliyekuwa kwenye jopo. Nilimwambia sikuja kubishana, nimekuja kujua nilipokosea. Alinitazama kwanza, nadhani alikuwa ananipima kama ni kweli. Kisha akaniambia bila kuficha kuwa sikuwa na andalio la somo, sikuuliza wanafunzi swali hata moja, na sikuwa na mafunzo ya ualimu. "Unajua dini," alisema, "ila hujui kufundisha. Na hivyo ni vitu viwili."

Maneno yale yaliniuma kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilijiunga na stashahada ya uzamili ya ualimu, huku nikifundisha madrasa jioni kwa posho ya nauli. Shule ile haikuniita kamwe, hadi leo. Lakini yule mwalimu wa taaluma alihamia shule nyingine, na walipotafuta mwalimu akanitafuta mimi, namba yangu ikiwa bado kwenye daftari lake. Ndipo ninapofundisha. Nisingekwenda kuuliza siku ile, angenikumbuka kama yule kijana wa mawaidha, basi.

Sisemi kuwa kila anayeuliza atajibiwa. Wengi hawajibu. Ila hasara ya kuuliza ni nauli na dakika kumi za aibu, na faida yake huwezi kuijua kabla.

Tena kuna mahali ambapo mlango haufungwi hata kwa desturi ya kazi yenyewe, ila sisi ndio tunaoufunga. Wanaofuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma wanajua kuwa majina ya wanaoitwa kazini mara kwa mara huwamo watu waliofaulu usaili wa zamani, nafasi zikawa hazikutosha, wakabaki kwenye kanzidata hadi nafasi zilipopatikana. Matangazo hayo hayo huwaambia ambao majina yao hayakuonekana wasisite kuomba tena. Namfahamu dada mmoja aliyeitwa kwa njia hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kuangalia matangazo, na aliyeliona jina lake ni jirani. Barua ya kupangiwa kituo ilikuwa na siku za mwisho za kuichukua, na zilikuwa zimebaki mbili.

Na kuna kukataliwa kwingine ambako sababu yake ni ndogo hata inatia huruma. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha kidato cha nne Muhammad, cha chuo Mohammed. Mtu ni mmoja, karatasi zinasema watatu. Ofisi zinataka hati ya kisheria inayothibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja, naye anajibu kuwa wananionea kwa ajili ya jina langu. Mwingine amesoma Khartoum au Madina, ana shahada halali kabisa, lakini hajaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu ikatambuliwe, au amekwenda kwenye usaili na hati ya matokeo wakati tangazo limetaka cheti halisi. Ndugu zangu, hapo hakuna njama. Hapo kuna foleni ambayo hatujaipanga. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu wengi wa hao ni wanafunzi wetu, na sisi walimu wao hatukuwaambia mapema.

Sasa lipo swali lililonisumbua zaidi. Vijana wengi siku hizi hushauriwa kuwa ukikataliwa, andika barua ya kushukuru, ili wakukumbuke nafasi nyingine ikitokea. Je, hiyo ni shukrani au ni chambo? Unamshukuru mtu aliyekunyima huku moyoni unamtega?

Nimelifikiria sana. Nionavyo, jibu liko katika kile unachoshukuru. Ukimwandikia kuwa umefurahi sana kwa uamuzi wake, umesema uongo, kwa sababu hukufurahi. Lakini mtu aliyesoma karatasi zako, akakuita, akakukalisha na kukusikiliza nusu saa, amekupa kitu. Kumshukuru kwa hicho ni haki yake hata kama hutamuona tena duniani. Ukishakwisha kushukuru, ukaongeza waziwazi kuwa bado unaipenda kazi ile na ungefurahi kufikiriwa ikitokea nafasi nyingine, hujamtega mtu. Umesema haja yako mchana kweupe. Chambo ni kile kinachofichwa. Mimi naona hata ule mstari wa kuuliza sababu unafaa kuwekwa humo humo, kwa adabu, bila kudai: kama kuna jambo mliloliona linanipungukia, nitashukuru kuambiwa. Mistari mitatu inatosha. Sio kurasa mbili za kujitetea, maana hizo humthibitishia aliyekukataa kuwa alifanya vizuri.

Na izza je? Muislamu hajidhalilishi. Kweli. Lakini tumetazama Mtume (SAW) alivyoishi? Alikwenda Taif mwaka 619, wakamkataa na kumpiga mawe hadi akatoka damu, na alipopewa nafasi ya kuona wanaangamizwa hakuitaka, akitarajia kuwa katika vizazi vyao watatoka wanaomuabudu Allah. Katika misimu ya hija aliyaendea makabila mbalimbali, Kinda, Kalb, Banu Hanifa na mengineyo, na yakamkataa moja baada ya jingine. Mwaka 620 akakutana na watu sita kutoka Yathrib. Mwaka uliofuata wakaja 12, na 622 wakaja sabini na ushei. Simlinganishi Mtume na muomba kazi, Allah atuepushie. Nasema tu kuwa kama kurudi kwenye mlango baada ya kukataliwa kungekuwa udhalili, asingeufanya aliye mbora wa viumbe.

Tugeukie upande wa pili wa meza, kwa sababu humu mjini wapo Waislamu wengi wenye shule, maduka, zahanati na ofisi, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Abu Dharr (RA) alimuomba Mtume (SAW) ampe uongozi. Mtume alimpiga begani, akamueleza kuwa yeye ni dhaifu kwa kazi ile, na kwamba ile ni amana ambayo Siku ya Kiyama huwa majuto kwa asiyeitimiza. Tazama namna alivyokataa. Hakumzungusha. Hakumwambia njoo wiki ijayo. Alimgusa kwa mkono na kumpa sababu, na Abu Dharr mwenyewe ndiye aliyetusimulia, ishara kuwa hakuliona tusi. Uadilifu wake haukutiliwa shaka. Binti wa yule mzee wa Madyan, aliposhauri Musa (AS) aajiriwe, alitaja mambo mawili, nguvu na uaminifu. Abu Dharr alikuwa na la pili kwa ukamilifu, la kwanza kwa kazi ile hakuwa nalo. Kumwambia mtu hivyo ni kumuheshimu.

Sisi tunafanyaje? Tunasema "tutakupigia." Neno hili limekuwa kama salamu ya kuagana, lakini kwa anayelisikia ni ahadi. Anaenda nyumbani, anaweka chaji kwenye simu, anaogopa kwenda mahali pasipo na mtandao. Kama ulishaamua hutampigia, umemwambia uongo, na tena umemnyang'anya wiki mbili ambazo angetafuta kwingine. Wenye ofisi husema hawana muda wa kumjibu kila mtu. Kwa waombaji laki moja, sawa, hilo naliafiki. Kwa watu watano uliowaita ofisini kwako? Ujumbe wa simu wa kuwajulisha wanne hauzidi bei ya andazi.

Lipo la mwisho, nalo si dogo. Pengine umeuliza, umejirekebisha, umerudi, na ukweli ni kuwa umedhulumiwa. Mabinti wameambiwa wavue hijabu ndipo waajiriwe mapokezi. Nafasi zimetangazwa huku jina la mtu likiwa limeshaandikwa. Yapo, na anayesema hayapo hajatafuta kazi karibuni. Katika hayo sitamwambia mtu aandike barua ya shukrani. Hapo ushahidi uhifadhiwe, tangazo, barua, tarehe, na jambo lifikishwe panapohusika. Sheria ya kazi ya nchi hii, ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inakataza ubaguzi, ukiwemo wa dini, hata kwa muombaji ambaye hajaajiriwa. Yusuf (AS) hakutoka gerezani kwanza kisha akasahau kesi yake. Lakini ili ujue kama ni dhulma au ni andalio la somo, inabidi uulize. Tunarudi pale pale.

Nilimwita kijana wangu nyumbani Ijumaa iliyopita. Namba alikuwa ameifuta kweli, ila anuani ya barua pepe ilikuwepo. Tukakaa mezani tukaandika mistari yake mitatu. Alitaka kuongeza wa nne kueleza kuwa ana familia inayomtegemea. Nikamwambia auondoe. Akabisha kidogo, akauondoa. Alipobonyeza kutuma alisimama akaenda dirishani kama mtu aliyetoka kuchomwa sindano.

Hadi ninaandika makala hii hajajibiwa. Jumatatu ana usaili mwingine, Morogoro, na nauli amepewa na dada yake.

Wallahu a'alam.